Meza ya kuinulia pikipiki gereji ya nyumbani: ya dukani, ya kontena, au nichomeleshe Katwe?

MtuWaKajjansi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Naomba mawazo yenu, hasa mlioko hapa Uganda, maana video nyingi za mtandaoni zinaanza na gereji yenye vigae na kompresa ukutani. Mimi nina chumba cha mita 3 kwa 5 nyuma ya nyumba, sakafu ya saruji na mlango wa shata.

Nina pikipiki ya Honda Africa Twin ya 2017, ile CRF1000L, na Bajaj Boxer 150 ambayo shemeji anabebea mzigo wa soko. Zote nazihudumia mwenyewe. Boxer haina shida, unaipandisha kwenye stendi kubwa na gurudumu linatoka. Africa Twin ndiyo inayonimaliza. Haikuja na stendi kubwa kutoka kiwandani, na rimu zake ni za spoki, tyubu ndani. Pancha moja tu, gurudumu lazima litoke. Kwa sasa nainua kwa jeki ya chupa na vipande vya mbao, mimi mwenyewe nimelala ubavu sakafuni natafuta nati kwa tochi ya simu. Magoti yameanza kulalamika.

Nimeona njia tatu:

1. Meza mpya ya haidroliki ya kukanyaga kwa mguu, imeandikwa kilo 450. Iko duka moja la vifaa mjini.
2. Meza ya umeme iliyotumika, imeshushwa kwenye kontena kutoka Marekani. Bei iko chini kuliko hiyo mpya, jambo linalonishangaza.
3. Fundi wa Katwe, mtaa wa mafundi chuma Kampala, anichomelee ya mkasi (mikono ya kuinulia inapishana kama mkasi) kwa vipimo vyangu.

Swali langu: niangalie nini kabla sijatoa pesa? Kilo 450 zinatosha?

---

Rasi_wa_Stegi

Weka stendi kubwa ya dukani kwenye hiyo Africa Twin, uzi ufungwe. Zinauzwa. Pesa inayobaki jaza mafuta uende Kabale.

---

MtuWaKajjansi

@Rasi_wa_Stegi stendi nimeifikiria kaka, na huenda nikaiweka kwa ajili ya safari. Lakini haininyanyui mimi kutoka sakafuni. Nikitaka kusafisha cheni au kufika chini ya injini bado nimelala.

---

MamaSpana_Jinja

Kijana wa Kajjansi, umeuliza kilo. Kilo ndiyo kitu cha mwisho cha kuangalia. Africa Twin yako ina kama kilo 232 ikiwa na mafuta, Boxer haifiki hata nusu na ushee ya hapo. Karibu kila meza inayouzwa inabeba zaidi ya hizo. Wauzaji wanapenda kuandika kilo kubwa kwa sababu ndiyo namba ambayo mnunuzi anaielewa haraka.

Mimi nina karakana ndogo hapa Jinja, boda nyingi na pikipiki kubwa chache za watalii wanaokuja kwenye mto. Ukienda dukani nenda na futi, uangalie haya.

Kwanza, ikiwa chini kabisa ina urefu gani kutoka sakafuni? Nzuri ziko kama sentimita 18 hadi 20. Ikizidi hapo ngazi ya kupandishia inakuwa kali, na bamba la chini ya injini linagusa pale meza inapoanzia. Africa Twin iko juu, haitakusumbua, lakini kesho utaletewa pikipiki ya rafiki iliyo chini.

Pili, kidirisha cha nyuma, yaani kile kipande cha meza kinachotolewa ili gurudumu la nyuma lishuke katikati. Bila hicho umenunua kitanda. Utainua pikipiki hadi kifuani halafu gurudumu halina pa kutokea.

Tatu, na hapa ndipo watu wengi hawaangalii: taya za mbele zinazobana gurudumu, zinasogea au zimechomelewa mahali pamoja? Wewe una pikipiki mbili zenye urefu tofauti. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, Africa Twin ni sentimita 157 na nusu. Boxer 150 ni kama 128. Tofauti ni karibu sentimita 30. Kama taya hazisogei, gurudumu la nyuma la moja litakaa juu ya kidirisha na la nyingine litakaa juu ya chuma kizima. Dukani watakuonyesha picha ya pikipiki moja tu, na imekaa vizuri.

Nne, upana. Meza nyingi za bei nafuu ni sentimita 55 hivi. Simamisha Africa Twin kwenye stendi ya pembeni, weka alama ya chaki chini ya katikati ya tairi na nyingine pale mguu wa stendi unapokanyaga, kisha pima. Kama nusu ya upana wa meza ni ndogo kuliko kipimo hicho, stendi itaning'inia hewani. Sasa wewe uko peke yako, umeshika kilo 232, unatafuta pa kuegemeza.

Mambo ya umeme na kuchomelea nawaachia wengine.

---

Afande_Mstaafu_Bombo

Mama amesema vizuri. Naongeza moja.

Usifanye kazi chini ya kitu kilichoinuliwa na oili peke yake. Nimekaa miaka mingi kwenye karakana ya magari ya kazi. Silinda ya haidroliki inashikiliwa na mpira mmoja wa sili. Mpira unachoka. Meza haidondoki kwa kishindo, inashuka polepole usiku, au inashuka ghafla mtu akikanyaga pedali ya kuachilia.

Meza lazima iwe na kizuizi cha chuma. Nguzo au pini inayoingia kwenye meno, uzito ukae kwenye chuma, oili ipumzike. Ukifika dukani fanya hivi:

Inua meza hadi katikati. Weka kizuizi. Achilia pedali. Meza ikae juu ya kizuizi bila kuyumba. Sukuma ukingo kwa mkono. Ikicheza kushoto kulia, ondoka dukani.

Halafu angalia meno ni mangapi. Nyingine zina jino moja tu la juu kabisa. Kazi ya kukaa kwenye kigoda huifanyi meza ikiwa juu kabisa. Unataka meno matatu au zaidi.

---

NyunduYaKatwe

Nimeona jina la mtaa wetu limetajwa, ngoja niingie.

Mleta uzi, Katwe tutakuchomelea. Tumechomelea mashine za kusaga, mageti, mashine za matofali, hata vitu ambavyo mwenyewe alikuwa hajui anataka nini. Lakini nakwambia ukweli kama fundi: meza ya mkasi siyo geti. Geti likipinda linakwaruza. Mkasi ukipinda mtu anaumia.

Shida iko kwenye hesabu, na mafundi wenzangu wengi hawaipigi. Mkasi ukiwa umelala chini kabisa ndipo unapohitaji nguvu kubwa. Tuseme jeki yako imelazwa inasukuma kwa mlalo. Mikono ikiwa nyuzi 10 kutoka sakafuni, nguvu inayotakiwa ni kama mara 5.7 ya uzito ulio juu. Ikifika nyuzi 30 inashuka hadi mara 1.7. Ikifika 45 ni sawa na uzito wenyewe. Sasa weka namba zako. Pikipiki 232. Pleti yenye vinundu ya mm 3, mita 2.2 kwa sentimita 60, hiyo peke yake ni kilo 30 na kitu. Ongeza fremu ya juu, uko kwenye 280. Zidisha kwa 5.7, unapata karibu kilo 1,600. Mtu anakuja na jeki ya chupa ya tani 2 anasema inatosha mara saba. Haitoshi mara saba, imebakiza kidogo tu ifike mwisho wake, na hapo hatujahesabu msuguano wala mtu aliyepanda juu ya meza kufungua boksi la hewa. Ya tani 5 ndiyo unaanza kupumua.

Na jeki ya chupa haikuundwa kulala. Ukiilaza lazima upande wa pampu uwe chini, la sivyo inanyonya hewa na unakanyaga bila kitu kupanda.

Jambo jingine, mashimo ya pini. Ukimwona fundi anatoboa kwa kuchoma na elektrodi, mwambie asimame. Tundu la kuchoma halina duara, lina umbo la yai. Pini itacheza humo, na mikono minne ikicheza kidogo kidogo, juu kabisa meza inatikisika kama meli. Tundu litobolewe kwa mashine, pini iwe ya mm 16, bushi (kimrija kinachokalia pini) ndani, na chuchu ya kuingizia grisi kwenye kila kiungo. Na mikono yote minne ibanwe pamoja na kutobolewa kwa pigo moja, hapo ndipo inalingana.

Nikikufanyia hivyo, gharama yangu inasogelea ile ya dukani. Sikufichi.

---

Rasi_wa_Stegi

Fundi wa Katwe anamfukuza mteja, leo nimeona.

---

NyunduYaKatwe

@Rasi_wa_Stegi simfukuzi, namchagulia kazi. Subiri.

---

Transit_Busia

Kuhusu namba 2, ya kontena. Bei iko chini kwa sababu moja: Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120 na mizunguko 60. Sisi ni 240 na mizunguko 50. Ukichomeka moja kwa moja unaaga mota siku hiyohiyo. Utanunua transfoma kubwa ya kuibeba mota hiyo wakati wa kuanza, na hata hivyo mizunguko 50 itaifanya iende polepole na kupata joto zaidi. Mwingine atakwambia badilisha mota. Sawa, lakini pampu imefungwa na mota yake, kwa hiyo unatafuta mota yenye shafti ileile na kasi inayokaribiana. Ukimaliza, ile nafuu imeisha.

Nyingine zinazotoka huko hazina mota kabisa, ni za hewa. Hizo zinataka kompresa ya bar 6 hadi 8. Usimwamini anayesema umeme hauhusiki. Kompresa inakula nini?

Kama unataka kuagiza mpya mwenyewe, hesabu yote kabla hujafurahia bei ya mtandaoni. Meza kama hiyo inazidi kilo 100 na boksi lake ni refu, kwa hiyo nauli ya bahari hadi Mombasa siyo mchezo. Tangu ulipoanza mfumo wa himaya moja ya forodha mwaka 2014, kodi ya Uganda inalipwa mzigo ukiwa bado Mombasa, halafu unapita mpakani Malaba au Busia. VAT ni 18%, na kuna ile 6% ya zuio kwa asiye na msamaha. Ongeza wakala, gari, na siku za bandarini kama karatasi zimechelewa. Kwa meza moja ya nyumbani mimi ningenunua iliyokwisha kuvuka mpaka.

---

MzeeWaArua

Wanangu hamjambo. Nimesoma yote, ninauliza: kwa nini lazima ipande na kushuka?

Mimi hapa Arua nina meza isiyosogea. Mbao ngumu na fremu ya angalaini, kimo sentimita 60, ngazi ndefu ya kupandishia. Haina oili, haina sili, haina kizuizi cha kusahau. Pikipiki yangu ni Yamaha AG 100, inapanda vizuri. Inanitosha miaka yote.

---

MamaSpana_Jinja

Mzee wangu shikamoo. Kwa AG 100 uko sawa kabisa, hata kwa Boxer. Tatizo ni kupanda. Ngazi ya mita 2.4 kufika kimo cha sentimita 60, kila unapopanda unasukuma robo ya uzito. Boxer ni kilo 30 hivi, kijana mmoja anatosha. Africa Twin ni 58, na unaisukuma ukiwa pembeni, umeshika usukani kwa mkono mmoja na breki kwa mwingine, miguu yako iko sakafuni wakati pikipiki inazidi kupanda kukuacha. Ikifika juu mabega yako yako usawa wa kiti. Wenye nguvu wanaipandisha kwa injini, gia ya kwanza. Mimi siwashauri, klachi ikishikwa vibaya pikipiki inapita meza nzima inatokea upande wa pili.

Meza ya kupanda na kushuka faida yake kubwa ni hiyo: unapakia ikiwa sentimita 20, siyo 60.

---

MzeeWaArua

Marahaba mwanangu. Hapo nimekuelewa. Ya kwangu itabaki ya AG.

---

MtuWaKajjansi

Aisee, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Leo nimepima, naleta majibu.

Stendi ya pembeni ya Africa Twin, kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa nje wa mguu wa stendi, ni zaidi ya nusu ya upana wa meza ya dukani. Kwa hiyo @MamaSpana_Jinja umenipata hapohapo. Taya za dukani zinasogea, zimefungwa kwa bolti na kuna matundu kadhaa. Kidirisha cha nyuma kipo. Chini kabisa ni sentimita 19, juu kabisa 80.

@Afande nimeinua, nikaweka kizuizi, nikaachilia. Ina meno manne. Ilitulia. Muuzaji alinitazama kama mwizi lakini ameniacha nifanye.

Yaliyonitia wasiwasi ni ya nyumbani. Shata ikikunjwa juu inachukua nafasi, chini ya mzinga wake nimebaki na mita 2.1. Na sakafu nimeigonga kwa nyundo, kuna sehemu inalia mdundo wa uwazi. Halafu ina mteremko kuelekea mlangoni ili maji ya mvua yatoke.

---

NyunduYaKatwe

Kimo kwanza. Africa Twin hadi kioo cha mbele ni karibu mita 1.48. Ongeza 80 za meza unapata 2.28. Kwa hiyo chini ya mzinga wa shata haipiti. Sogeza meza ndani ili pikipiki nzima iwe nyuma ya mzinga, uwe na urefu wa chumba hadi dari.

Ila angalia kitu ambacho hakijasemwa. Hizo meza za mikono sambamba hazipandi wima. Zinapanda huku zinasogea kwa mbele au nyuma. Mikono ikiwa sentimita 90, kutoka kulala hadi kimo cha juu kabisa, meza inaweza kusafiri sentimita 30. Ukiibana ukutani itasukuma ukuta, au itasukuma wewe. Muulize muuzaji inasafiri upande gani, kisha acha nafasi huko. Na kwa chumba chako cha mita 5, toa meza 2.2, toa ngazi, toa safari ya 30, toa sehemu ya kusimama mbele kuvuta mikanda. Inatosha, lakini haibaki nafasi ya kuegesha gari, kama ulikuwa na ndoto hiyo.

---

Afande_Mstaafu_Bombo

Sakafu inayolia mdundo ni sakafu nyembamba juu ya moramu iliyoshuka. Usipige bolti za nanga hapo. Bolti itashika leo, ikitikisika inang'oka na bonge la saruji.

Fanya mojawapo. Ama vunja sehemu ya meza peke yake, shindilia moramu, mwaga zege la sentimita 10 lenye wavu wa chuma, lisawazishe kwa pima maji. Ama, kama hutaki kuvunja, weka miguu ya meza juu ya pleti pana za chuma za mm 8 au 10 ili uzito usambae. Mteremko uutibu kwa vipande vya chuma chini ya pleti upande wa mlangoni. Siyo mbao. Mbao zinabonyea na maji yenu ya mvua yatazila.

Meza ikiinama upande mmoja, pikipiki inaegemea mkanda mmoja. Utafunga vizuri na bado itakuwa imepinda.

---

Rasi_wa_Stegi

Nimekuja kucheka, nimebaki kusoma. Swali la kweli sasa: mkanda unafungwa wapi? Sisi tukipakia boda kwenye Canter (lori dogo) tunafunga kwenye mikono ya usukani, na mara nyingi inafika imelala.

---

MamaSpana_Jinja

Inafika imelala kwa sababu hiyohiyo, kaka. Usukani unazunguka na mipira yake inateleza. Funga chini yake, pale foko mbili (zile nguzo za springi za gurudumu la mbele) zinapobanwa pamoja, sehemu ngumu isiyozunguka peke yake. Mikanda miwili, kulia na kushoto, inashuka kwa mshazari kwenda mbele na nje. Vuta kidogo huku, kidogo kule, mpaka foko zishuke kama theluthi ya mwendo wake. Zikishuka mpaka mwisho umezidisha, unatesa sili za foko bure. Kitambaa laini kati ya mkanda na rangi.

Lakini kwa mleta uzi hilo ni nusu tu. Yeye anataka gurudumu la nyuma litoke. Likitoka, nyuma hakuna kinachoshika kitu. Kabla hujafungua ekseli lazima uwe na jeki ndogo ya mkasi juu ya meza, chini ya injini. Kwa Africa Twin usiweke moja kwa moja kwenye bamba la aluminiamu, weka kipande cha mbao ngumu kinachofika kwenye fremu kulia na kushoto. Inua mpaka tairi la nyuma liachie pleti kidogo tu, karatasi ipite. Halafu mikanda mingine miwili kutoka kwenye fremu ya nyuma kwenda chini, siyo ya kuvuta sana, ya kuzuia isiende pembeni. Hapo ndipo unatoa kidirisha, unafungua nati, unavuta ekseli, gurudumu linashuka taratibu mikononi mwako.

Unaporudisha, angalia kaliper ya breki ya nyuma kabla ya ekseli kuingia. Inapenda kuteleza kutoka kwenye reli yake. Na pedi za breki usiziache zikakanyagwa bila diski katikati, zitafungana na utahangaika kuzitenganisha.

---

Mpita_Njia_Mbarara

Mimi naona mnamtisha. Nina meza ya Katwe ya mkasi, fundi alitumia jeki ya gari, imekaa vizuri tu, pikipiki za Bajaj zinapanda kila siku.

---

NyunduYaKatwe

@Mpita_Njia_Mbarara sikatai. Pikipiki ya Bajaj ni kilo 120 hivi. Rudia hesabu yangu kwa 120 na utaona kwa nini imekaa. Mleta uzi ana kitu karibu mara mbili. Lakini hebu tazama pini zako. Kama kuna unga mwekundu unaotoka kwenye viungo, hiyo siyo vumbi la Mbarara, ni chuma kinasagika.

---

Mpita_Njia_Mbarara

Nimeenda kutazama. Upo upande mmoja. Natafuta fundi wa bushi.

---

MtuWaKajjansi

Basi wakuu, nimeamua, na naomba mnikosoe kabla sijalipa.

Ya kontena nimeiacha. Nanunua ya dukani ya kukanyaga, maana stima ikikatika mguu wangu bado upo. Nyuma ya hapo, NyunduYaKatwe anipigie vitu vitatu: kipande cha pembeni cha kuongeza upana upande wa stendi, ngazi ndefu kuliko ile fupi inayokuja nayo, na pleti nne za kukalia miguu. Sehemu ya sakafu inayolia nitaivunja, sitaki kuifunika.

Fundi, hicho kipande cha pembeni kiwe cha kudumu au cha kutoa?

---

NyunduYaKatwe

Cha kutoa. Kikiwa cha kudumu kitakuwa kinakupiga mapajani kila unapopita kufanya kazi ya cheni, na cheni iko upande huohuo wa kushoto. Nitakuwekea mirija miwili chini ya fremu ya meza, kipande kinachomekwa kwa vyuma viwili na pini ya kuzuia kisitoke. Kitumike wakati wa kupakia na kushusha tu. Ukishabana taya na mikanda, kitoe, kunja stendi ya pembeni.

Lakini sichomelei kwenye mikono ya kuinulia wala karibu na silinda. Joto linapinda mkono na linaunguza sili. Nafunga kwa bolti kwenye fremu ya juu. Njoo na vipimo vya meza, siyo picha.

---

Transit_Busia

Na risiti ya dukani omba ile ya EFRIS (mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya kodi), siyo karatasi ya kalamu. Kama silinda ikianza kuvuja mapema, hiyo ndiyo utarudi nayo.

---

MtuWaKajjansi

Nimewasoma wote. Swali la mwisho: muuzaji anasema oili yoyote inafaa, hata ya breki. Kweli?

---

MamaSpana_Jinja

Ya breki hapana kabisa. Inaivimbisha na kuilainisha mipira ya sili ambayo imetengenezwa kwa oili ya madini. Nunua oili ya haidroliki namba 32, duka lolote linalouza oili za tingatinga wanayo, lita moja inakutosha na inabaki.

Ijaze meza ikiwa chini, silinda imeingia ndani yote. Ukijaza ikiwa juu, ukishusha oili yote inarudi kwenye tangi na itakumwagikia sakafuni. Kama ikipanda kwa kurukaruka ina hewa: fungua kifuniko cha tangi, shikilia pedali ya kuachilia, kanyaga pampu mara kumi na tano hivi bila mzigo, funga, jaribu tena. Fanya hivyo kabla ya kupandisha pikipiki yoyote, na ya kwanza kupanda iwe Boxer ya shemeji.